Mwakalinga na Kiwanja cha Chini ya Bahari

Ukienda kununua ardhi, kijana, usivae viatu unavyovipenda. Mtu mwenye viatu anavyovipenda anakagua shamba akiwa amesimama barabarani. Anatikisa kichwa, anasema nimeona, nimeona, na kule chini bondeni, kwenye matope, ambako ugomvi wote unalala, hafiki. Mwaka unaofuata unamkuta kwenye benchi la mtendaji wa kijiji, ameshika tama.

Nawaambia hivi kwa sababu siku hizi wengi wenu mnanunua viwanja, na wengine mnanunua kwa simu mkiwa kitandani. Sisemi vibaya. Ningekuwa na simu kama zenu enzi zangu huenda na mimi ningenunua nikiwa kitandani. Lakini mimi nimekula ugali wa upimaji ardhi tangu ndevu zinaanza mpaka magoti yalipogoma, na yapo mambo nikifa nayo yatakuwa hasara.

Msidhani nilikuwa mpima. Mpima ni yule aliyesoma, anayechungulia kwenye darubini na kuandika tarakimu. Mimi nilikuwa wa upande wa pili, kibarua, yule anayesimama kwenye miiba ameshika fito ya nyekundu na nyeupe huku anapigiwa kelele: kushoto! Umezidi! Rudi kulia! Simama hapo hapo! Na hapo hapo ndipo palipo na siafu. Nimefyeka laini za mipaka Mufindi nzima, nimeburuta mnyororo wa chuma Iringa mpaka Mbeya, nimechimba mashimo ya bikoni, yale mawe ya saruji ya mpakani, mengi kuliko makaburi. Shule niliiacha darasa la nne. Kwa hiyo mkiona nimeanza na hili nikaibukia kwenye lile, mnivumilie. Hata laini tuliyofyeka ilikuwa inakutana na mti mkubwa, mnauzunguka, mnarudi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa nyapara mmoja Mbena, mzee Mgaya. Mfupi, ana sauti ya kondoo mwenye mafua. Alikuwa anatuambia, "Ardhi haijulikani kwa macho. Inajulikana kwa miguu." Halafu anatutembeza. Kabla jembe halijagusa udongo, mzunguko mzima, na majirani wote wawepo. Jirani mmoja akikosekana, hata kama mpima amekuja na gari na jua linazama, mzee Mgaya anakaa chini anatoa tumbaku. Kazi haianzi. Na tukimaliza, mwenye shamba analisha watu. Sufuria moja, majirani wote, mikono yote humo humo. Tuliita chakula cha majirani. Mimi kijana nilidhani ni njia ya nyapara ya kutafuta kitoweo. Ilichukua muda kuelewa kwamba mtu aliyekula kwenye sufuria yako ya mpakani, kesho akiulizwa, atasema: ndiyo, nilikuwepo, mpaka unapita hapa.

Alitufundisha mengine pia. Kwamba mnyororo wa chuma saa sita mchana unarefuka kwa joto, na ukiuvuta umelegea unampa mtu shamba ambalo halipo. Kwamba chini ya bikoni uzike mkaa na vipande vya chupa, kwa sababu kuna watu wanahamisha mawe, lakini hakuna mwizi anayekumbuka kuhamisha mkaa.

Na kosa langu kubwa kazini nililifanyia kwetu hapa hapa Igowole. Alikuja tajiri mmoja kutoka mjini, akanunua mteremko, akataka laini yake ishuke mpaka mtoni, ipite katikati ya vinyungu. Kwa wasiotoka huku: kinyungu ni bustani ya bondeni. Kiangazi maji yakishuka unainua matuta, unapanda mahindi ya kuchoma na maharage. Masika maji yanarudi, yanafunika kila kitu, panakuwa ziwa la vyura. Basi wamama wenye vinyungu waliitwa, wakaja, wakakaa kila mmoja juu ya tuta lake kama kuku anayelalia mayai. Bibi mmoja, Semgimba, akamuuliza yule tajiri kwa upole kabisa: "Mwanangu, kiangazi hapa ni petu. Masika hapa ni pa maji. Sasa hilo jiwe lako litakuwa linamlindia nani?"

Wakati wanaongea, mimi, kwa kiherehere cha ujana, nilikuwa nimeshaanza kuchimba. Nilitaka waone nguvu zangu. Nikazamisha jembe mara ya kwanza, ya pili, udongo ukawa mweusi na laini, nikafurahi. Mara chemchemi ikafumuka chini ya miguu, nikadidimia mpaka kiunoni. Nikipapatika nazama zaidi. Wamama wakacheka mpaka wakasahau ugomvi. Aliyenivuta alikuwa kibarua mwenzangu, Mnyakyusa mmoja mrefu anaitwa Mwakalinga. Alinifunga mnyororo wa kupimia kwapani, akavuta huku anawasomea wamama vipimo: "Mzigo umetoka futi moja! Umetoka futi mbili!" Kuanzia siku ile hajawahi kuniita jina langu. Ananiita Kinyungu. Mpaka leo, mbele ya wakwe zangu, Kinyungu.

Mpima alikuwa mtu mwenye busara. Laini ya tajiri ikaishia mteremkoni, bonde likabaki la wamama na la maji, kwa zamu. Jembe langu lipo huko huko chini.

Sasa huyo Mwakalinga ndiye habari yenyewe. Tumeburuta mnyororo pamoja maisha yetu yote ya kazi, yeye mbele mimi nyuma. Tulipostaafu mimi nikarudi Igowole kwenye viazi vyangu, yeye akakaa Uyole, pale Mbeya, kwenye kiwanja alichonunua zamani kukiwa bado pori. Kiwanja chenyewe kidogo kama mkeka. Nyumba yake mbele, na nyuma binti yake Atupele amejaza viriba vya miche ya parachichi. Anabebesha mwenyewe kwa mkono wake, anaunga kijiti cha mti bora juu ya mche, anauza kwa wakulima wa Rungwe mpaka Njombe. Watoto wake wawili wanasomea hapo, wanakula hapo. Baba yake alimwambia siku nyingi, "Hapa nyuma ni pako." Alimwambia kwa mdomo tu, wakiwa wawili, jikoni. Mtu aliyetembeza mipaka ya watu wilaya nzima, ya mtoto wake hakuitembeza. Fundi seremala, mlango wa kwake ni gunia.

Siku moja Atupele akanipigia simu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kamwene. Mbona sauti imepauka?"

"Baba anataka kutoa kiwanja."

"Kumpa nani?"

"Anabadilishana. Anawapa kiwanja, wanampa sehemu ya bahari."

"Atahamia Dar?"

"Siyo ufukweni, baba mdogo. Chini. Chini kabisa ya bahari kuu huko, kwenye sakafu yake. Jumamosi anaweka sahihi. Njoo uongee naye, mimi ameniambia nimesoma sana ndiyo maana sielewi."

Nikapanda bodaboda mpaka Nyololo, nikasimama barabara kuu, nikapata basi. Njia nzima najipanga maneno. Tulipofika Igawa, tambarare za Usangu zimefunguka kule chini, nikakumbuka bikoni moja tuliyoipanda huko, mwezi haukuisha ikalala kama mlevi. Mpima akamfokea mzee mfugaji wa pale: nani ameangusha jiwe la serikali? Mzee akasema, "Ng'ombe walikuwa wanajikuna mgongo. Niliwaambia ni la serikali, hawakusikia." Nikacheka peke yangu kwenye basi, jirani yangu akasogea pembeni. Na maneno niliyopanga yote yakapotea.

Nilimkuta Mwakalinga sebuleni, amevaa koti, na kijana mmoja mtanashati anaitwa Lameki, wakala wa kampuni iliyokuwa inabadilishana naye. Kijana aliinuka, akanishika mkono kwa mikono miwili, shikamoo yake imeshiba. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa.

"Kinyungu!" Mwakalinga akaita. "Umekuja kuzama tena?"

"Nimesikia ni wewe unayezama safari hii, Mla Ndizi."

"Kaa. Mwonyeshe, Lameki. Huyu ni mtu wa fani."

Lameki akafungua simu yake kubwa. Bwana wee. Picha zilipigwa chini huko, kilomita na kilomita kwenda chini, ambako jua halijawahi kufika tangu Mungu aumbe. Tope la kijivu, tambarare, halina kichuguu wala mwiba. Na juu ya tope, mawe yametapakaa, meusi, ya mviringo, ukubwa wa kiazi. Viazi kabisa! Nilidhani shamba langu siku ya kuvuna. Lameki akaeleza kwamba ndani yake kuna madini ya kutengenezea betri za magari ya umeme, dunia nzima inayatafuta, na kampuni yao imeshajitangazia eneo na inaligawa vipande vipande. Kipande cha Mwakalinga peke yake kingemeza Igowole na chenji ikabaki.

"Hayachimbwi," Mwakalinga akaniambia, macho yanawaka. "Yamelala juu. Unaokota."

Sasa niwaambie ukweli. Mimi niliyetumwa kumzuia, nilisogeza kiti. Maisha yangu yote nimefyeka vichaka vya watu, nimeumwa na nyoka kwa ajili ya mashamba ya watu, na hapa kuna uwanda usio na kisiki kimoja, unavuta mnyororo siku nzima hugusi kitu. Nikauliza, "Bikoni mnapanda vipi huko?"

"Hapo ndipo nilipokuwa nakungoja," akasema Mwakalinga. "Saruji haitashika kwenye maji."

"Inashika. Saruji inapenda maji, ni mkondo ndio unaiosha. Unaimwaga kwenye gunia kwanza."

"Na mkaa wa chini ya jiwe?"

"Mkaa utaelea."

"Tutaufunga na kokoto."

"Na nani atashuka kuuzika, wewe? Hata mto Kiwira ulikuwa unavuka umefumba macho!"

Tukacheka, tukaendelea, tukawa tumeshapanga pembe nne na nani ashike fito. Atupele akaingia na chai. Akaweka birika mezani kwa kishindo.

"Baba mdogo," akasema, "nimekuita uzime moto, wewe umekuja na kuni."

Nikaona haya. Nikapiga chai. Kupitia dirishani nilikuwa naona miche yake chini ya kivuli cha neti, majani yanang'aa, na kitambaa cheusi kimefungwa pale alipobebesha. Mkono wa fundi huonekana. Nikamwambia mwenzangu, "Mwaka, sasa binti atapeleka wapi viriba vyake?"

"Atapata pa kukodi. Kinyungu, sikiliza. Nina wajukuu, sijui hata idadi. Nimepanda bikoni za watu mpaka mgongo umepinda, na ardhi niliyo nayo nikiwagawia, kila mmoja atapata pa kusimama mguu mmoja. Huyu kijana ananipa uwanda. Wewe ungefanya nini?"

Mapenzi ya babu ndiyo yalikuwa yanampeleka kule, na mapenzi huwezi kuyabishia kama bei ya viazi. Nikabaki nakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani.

Kwa hiyo sikumzuia mimi. Aliyemzuia ni kazi aliyoifanya. Mtu akifanya kazi moja miaka mingi, hata akipumbazwa na jambo, mikono inaendelea na utaratibu. Mwakalinga alishika kalamu kuijaribu kwenye gazeti kama inaandika, halafu akaiweka chini, akasema kwa furaha tu, wala hakuwa na mtego:

"Bado kitu kimoja. Majirani."

"Majirani wa nini, mzee wangu?" Lameki akauliza.

"Wa kipande changu. Kaskazini ni nani, kusini ni nani? Siwezi kuwatembelea, umri umekwenda, lakini angalau nipigiwe simu niwasalimie. Jumamosi Atupele atapika ndizi, na wao huko waliko wapike wanachopika. Tule siku moja."

Lameki akatabasamu tabasamu la mtu aliyeulizwa swali analolipenda. "Mzee, huko hakuna majirani. Ndiyo uzuri wake! Hakuna wa kusogeza mpaka, hakuna kesi, hakuna baraza la ardhi. Uko peke yako."

Sijui niwaelezeje. Chumba kilipoa. Mwakalinga aliniangalia, nikamwangalia. Kwa watu wengine hiyo ni habari njema. Kwa sisi ni kama kumwambia mtu aliyejenga nyumba kwamba nyumba yako ni nzuri, haina hata ukuta mmoja.

"Hakuna jirani," akarudia polepole. "Sasa siku nikifa, wajukuu zangu wakasema hapa ni pa babu, nani atasema ndiyo?"

"Kampuni itasema."

"Kampuni ni muuzaji. Muuzaji hashuhudii."

Lameki akajikuna shingo. Nimesema kijana hakuwa mbaya. Angeweza kutupaka mafuta, lakini alitujibu kama alivyokuwa anajua. Akasema kwamba, kwa kweli, kwa sheria ya mataifa ilivyo, sakafu ya bahari kuu kule mbali si ya nchi yoyote wala ya mtu yeyote kujimilikisha. Ni ya binadamu wote kwa pamoja, na wanaotaka kuokota lazima wapite kwenye kikao cha mataifa. Ila kampuni yake inaamini mambo yatabadilika, na watakaokuwa wametangulia kujitangazia ndio watakaopata.

"Ya binadamu wote," nikasema. "Pamoja na wa Igowole?"

"Pamoja na wa Igowole, mzee."

"Na hayo mawe, yakishaokotwa, mengine yanaota lini?"

Akacheka kidogo, kwa aibu. "Walitufundisha kwamba jiwe moja kunenepa unene wa kidole ni mamilioni ya miaka. Na kuna viumbe vinaishi juu yake, vingine bado havijapewa majina."

Mazao ambayo ukiyavuna hubakiwi na mbegu. Nikatazama tena ile picha, na safari hii sikuona viazi.

Mwakalinga akageuza kiti chake chote kunielekea. Uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

"Kinyungu. Kama ni ya wote, basi wewe ni jirani yangu huko."

"Ndivyo inavyosemwa."

"Mpaka wangu utapita kwako. Nakuuliza mbele ya hawa, kama tulivyokuwa tunauliza watu: unakubali nichukue?"

Vijana wangu, mimi nimesimama kwenye mipaka mingi nimeona majirani wakiulizwa swali hilo. Wengine wanatetemeka, wengine wanatema mate. Sikujua ni zito hivyo mpaka liliponiangukia. Huyu ni mtu aliyenitoa kwenye tope. Anataka kitu kimoja uzeeni, na anataka si kwa ajili yake. Kusema ndiyo ni neno fupi. Atupele amesimama mlangoni na sinia.

"Sikubali, Mwaka," nikasema.

Akafunga vifungo vya koti, akavifungua. Akasema, "Basi niwaachie nini hawa watoto?" Hakuniuliza mimi. Alikuwa anauliza ukuta.

Atupele akaweka sinia chini. "Waachie mimi, baba," akasema. "Na mimi niachie hapa."

Mzee akainuka, akapita kati yetu, akaenda nyuma kwenye viriba. Tulimwona dirishani anazungukazunguka katikati ya miche, anainama, anagusa pale palipobebeshwa, anaendelea. Lameki naye akawa anageuza simu mkononi. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo kwamba na yeye alikuwa amewaahidi kampuni pawatila ya baba yake, ile trekta ndogo ya kulimia mpunga, badala ya kipande chake mwenyewe. Bado ipo nyumbani Chimala, walikuwa waje kuichukua.

"Mzee wako anajua?" nikamuuliza.

"Hajui."

"Basi una bahati. Nenda kamsalimie kabla hajajua."

Akaondoka jioni ile ile. Baadaye nilisikia aliirudishia kampuni koti lao na vitabu vyao, na msimu ule alilima na baba yake. Siwezi kuwaambia kampuni ilifikia wapi, sijui. Najua tu kwamba kikao cha mataifa kinaendelea, wanabishana kule nani aokote, nani asiokote, na cha wote kigawiwe vipi. Mimi hilo linanipa moyo. Watu wakibishana maana yake majirani wameitwa. Na ipo siku kikao hicho kitahitaji watu wa kukaa upande wetu, wenye shule, wenye lugha, na huenda mmoja wao sasa hivi anachunga mbuzi Nyololo. Akienda huko, asione haya kuuliza maswali ya kijinga kama ya kwetu. Siku hizi vijana wa upimaji wanakuja na kijiti kimoja, kinaongea na setilaiti, dakika chache pembe imepatikana na hakuna aliyeumwa na siafu. Nakisifu hicho kijiti, wallahi, kingeniokoa magoti. Lakini hakijaweza kumuuliza jirani. Hiyo bado ni kazi ya mdomo.

Niliendelea kukaa pale Uyole. Siku mbili Mwakalinga hakuniita Kinyungu, aliniita "mgeni". Ya tatu akanigongea mlango asubuhi amevaa mabuti.

"Amka. Tuna kazi."

Jumamosi hiyo, ile ile iliyokuwa ya sahihi, aliwaita majirani wa kiwanja chake. Akaja mzee Sanga mwenye duka, Mkinga, amefunga duka lake kwa saa nzima, na mwenye kumjua Mkinga anajua hilo ni tukio. Akaja mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa juu. Akaja na mama Ipyana wa upande wa chini, mama mnene mwenye kauli, anafuga nguruwe. Na mwenyekiti wa mtaa, na watoto wa Atupele, na miche ikitutazama.

Mwakalinga akamshika binti yake mkono. Akamtembeza pembe kwa pembe, miguu yake mibovu ile, anasimama kila bikoni. "Hapa tunapakana na Sanga. Sanga, ni kweli?" "Ni kweli kabisa." "Kuanzia nyumba kurudi nyuma, napaweka mikononi mwa Atupele, nikiwa hai na akili timamu. Mmesikia?" "Tumesikia." Sauti yake ikakatika hapo kidogo, akasingizia vumbi. Tukaenda pembe ya pili, mwalimu akaitikia. Pembe ya tatu, upande wa chini, akamgeukia mama Ipyana.

"Mama Ipyana, hapa tunapakana na wewe. Ni kweli?"

"Si kweli," akasema mama Ipyana.

Watu wote wakageuka.

"Nguzo za neti ya huyu binti yako zimeingia kwangu. Mguu mzima! Nimenyamaza mwaka wa pili sasa, nikasema ni majirani, lakini kama leo tunaulizwa mbele ya mwenyekiti, mimi nitasema. Tazama bikoni iko huku, nguzo iko kule. Tazama mwenyewe, si ndiyo ilikuwa kazi yako?"

Mwakalinga akainama, akafumba jicho moja kama alivyokuwa anafanya kwenye laini, akatazama kutoka bikoni mpaka bikoni. Nikatazama na mimi. Mguu mzima, hakukosea.

Nilidhani atafoka. Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika bega la mwenyekiti asianguke, machozi yanamtoka, na safari hii hakusingizia vumbi.

"Umemwona huyu, Kinyungu?" akanipigia kelele. "Umemwona? Huyu ni jirani! Huyu hata nikifa leo, anajua pangu panaishia wapi kwa futi!"

"Sasa unachekaje, mzee?" mama Ipyana akasema, amechanganyikiwa na amekasirika bado. "Mimi nataka mguu wangu."

"Utapata, mama. Ndaga, asante sana. Utapata na nyama juu."

Atupele alikuwa ameshavua viatu. Akashika sururu, akaanza kung'oa nguzo ya kwanza. Mama Ipyana akamtazama akihangaika nayo, akaguna, akajifunga khanga kiunoni, akaishika upande wa pili.

"Usiivute hivyo, utaivunja," akasema. "Itikise kwanza. Haya, pamoja."